Chungu cha Dawa Jikoni kwa Tupokigwe

Ikupa alifika kwenye mlango wa sebule ya mama yake, akavuta pumzi moja tu, kifua kikabana. Akarudi uani akishikilia ukuta.

Hapa Ibaba nyumba ya msiba haipokei watu na vumbi lake. Wanawake wa kanisa walikuwa wameamkia pale, wakasugua sakafu kwa dawa ya chooni, wakapuliza dawa ya wadudu, na kwa heshima ya marehemu wakapaka ukuta rangi ya mafuta iliyokuwa imebaki stoo. Hakuna aliyewaza mabaya. Aliyejua kuitunza nyumba ile bila harufu ni Tupokigwe, mama yake Ikupa, peke yake, na sasa ndiye aliyelala kwenye jeneza mle sebuleni.

Miaka minne nyuma Ikupa alirudi kutoka Tunduma, alikokuwa akisafisha vyumba vya gesti, akiwa hawezi hata kukaribia sabuni ya unga bila kubanwa kifua. Tabibu mmoja Mchina kule mjini alimpa vifurushi vya magome na mizizi. Mama yake alivichemsha kila asubuhi kwenye chungu, nguo akafua kwa sabuni ya mche, masufuria akasugua kwa majivu.

"Sijui ni mizizi ya Mchina au majivu yangu," alizoea kusema, "ila unapumua. Kunywa, usinikunjie uso."

Mazishi yalikuwa saa tisa alasiri. Mtoto wa kike hukaa kichwani kwa mama yake mpaka anapotolewa. Ikupa akanywa kikombe kizima cha dawa, akajaribu tena kuingia. Akatoka akikohoa, machozi yakimtiririka.

"Basi mleteni mama huku nje," alisema.

Gwantwa, mdogo wa marehemu, aliruka. "Dada yangu alazwe uani kama gunia la mahindi? Watu watasema tumemfukuza kwake!"

"Mama mdogo, leo ndiyo mwisho. Sitamwona tena."

Gwantwa akainua viganja vyake puani, akavinusa, akavifuta kwenye kitenge.

"Ni mimi niliyesugua," alisema taratibu. "Nilidhani nampamba." Kisha akawageukia wanaume. "Si uani. Jikoni. Kule nako ni kwake."

Jiko la nje lilikuwa jeusi kwa masizi hadi juu, na moshi wake haukuwahi kumdhuru Ikupa. Mlango ulikuwa mwembamba, wakaliinamisha jeneza.

"Polepole!" Gwantwa aliwagombeza. "Huyo anaumwa mgongo!"

Mtu mmoja alicheka, akajifunika mdomo.

Wakaliweka juu ya mabenchi mawili, kando ya mafiga. Ikupa akakaa kichwani, akaweka mkono kwenye ubao. Kifua kilikuwa bado kinakoroma, lakini hewa ilipita.

"Mliojipaka manukato, bakini mlangoni," Gwantwa alisema. Akachochea moto chini ya chungu, akasubiri kichemke, akammiminia mtoto wa dada yake kikombe.

Dawa ilikuwa chungu kama siku zote. Ikupa akainywa yote bila kukunja uso.