Gari la Mama Mkwe

Mume wangu Kingori alipokataa gari la nne, Jumamosi moja kule Karatina, nilimwambia mbele ya muuzaji kwamba mchagua jembe si mkulima. Kingori akisemwa hukuna shingo na kutazama viatu vyake, na hiyo ndiyo tabia yake inayonichoma kuliko zote, kwa maana mtu mwenye hasira anahitaji mwenzake wa kugombana naye.

Gari tulilihitaji, hilo halikuwa na ubishi. Tuna watoto watano, na Probox yetu tulikuwa tumeizidi zamani. Jumapili tulikwenda kanisani kwa mafungu mawili, fungu la kwanza likisimama nje na kuwangoja wenzao huku nyimbo zikiendelea ndani. Kingori hununua viazi Endarasha na kuviuza mjini Nyeri, mimi nashona sare za shule, na akiba tulikuwa nayo. Lakini kanisa lingeweza kungoja. Gari hilo lilikuwa hasa la kumrudisha mama yangu kijijini kwake Wamagana, hata kama ni kwa siku moja.

Mama yangu, Shiro, alivunjika nyonga akiteremka shambani kwake kuchuma kahawa. Alipopasuliwa tuliamua aje akae nasi mtaani Skuta, Nyeri. Kwa mama wa Kikuyu wa rika lake, kukaa kwa mkwe ni aibu, na kulala chini ya paa moja naye ni aibu zaidi. Kingori aliyajua hayo kabla sijafungua mdomo. Alimjengea nyumba ya mawe ya chumba kimoja nyuma ya uwanja, yenye mlango wake na njia yake ya kuelekea langoni. Wale wawili huheshimiana mpaka sisi wengine tuchoke. Hawashikani mikono. Mama akitoka kuota jua, Kingori huzunguka upande wa pili wa nyumba, na wakisalimiana ni kwa mbali, kila mmoja akitazama kando.

Heshima hiyo iliniudhi vibaya siku tuliyomtoa hospitali. Tulipofika nyumbani mvua ilikuwa ikinyesha. Mama alishindwa kuinuka kutoka kiti cha Probox, kwa kuwa kiko chini na nyonga yake ilikataa kukunjika, na mwanamume pekee aliyekuwapo ni Kingori. Alisimama kwenye mvua mikono ikiwa mgongoni.

"Mama yako siwezi kumshika," akaniambia.

Mama naye, ndani ya gari, akasema afadhali alale humo humo. Tukangoja mpaka jirani yetu Moffat alipotoka kazini, akamkumbatia na kumbeba mbele ya watoto na mbele ya wanawake waliokuwa wamejikinga mvua dukani, nguo ikimpanda juu ya magoti. Mama akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika baba.

Tangu hapo hakupanda gari lolote. Muuguzi alikuja kumwona nyumbani. Alijifunza kutembea na mkongojo, akaweza kuuzunguka uwanja wote na kukaripia kuku, lakini gari hakutaka hata kuliona mlango ukiwa wazi. Nami nilijua Wamagana inamwita. Huko kuna kaburi la baba, kuna kahawa yake, kuna kanisa alilofungia ndoa. Nilimsihi akubali vijana wamwinue mara moja tu.

"Wachuka," akaniambia, "mtu akianza kubebwa, atabebwa mpaka kaburini. Mimi bado."

Mwanzoni aliuliza habari za Wamagana kila jioni. Baadaye akauliza mara moja moja. Kisha akaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoogopa.

Basi tukaanza kutafuta gari. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeshalichagua moyoni. Lilikuwa Prado jeupe tulilolikuta kwenye yadi moja Nanyuki, limeng'arishwa hadi mlima ukaonekana kwenye boneti. Nilijiona nikiingia nalo Wamagana, shangazi zangu wakijitokeza milangoni. Mwanangu Gikonyo alilizunguka akipiga mluzi.

"Mathe, hii ni moto. Hii tukifika nayo shule, waalimu watasimama."

Kingori hakuangalia injini wala hakuuliza limetembea wapi. Alimwita binti yetu Shiro, tuliyempa jina la mama kama desturi inavyotaka. Shiro ana miaka kumi na miwili na kimo chake ni kile kile cha bibi yake. Hata gambuti za mvua wanavaa jozi moja.

"Panda," Kingori akamwambia. "Lakini mguu wa kushoto usikunje."

Mtoto akajaribu. Akashika mlango, akashika kiti, akarusha mguu, akaanguka chini kwa makalio na kucheka. Kingori alikuwa amesimama hapo hapo, mikono mgongoni, wala hakumsaidia kuinuka.

"Si hii," akasema, akaondoka.

Nilinuna kutoka Nanyuki hadi nyumbani. Jumamosi iliyofuata tukaona lingine Nyeri, zuri, la viti vinane, likawa chini mno; Shiro aliingia vizuri akashindwa kutoka. La tatu Shiro alilipanda bila taabu, ila kiti pekee chenye nafasi ya kunyoosha mguu kilikuwa cha mbele.

"Hiyo kiti iko karibu na mimi sana," Kingori akasema, na mimi nikadhani ananitania, kwa kuwa kiti cha mbele ni changu. Lile la nne, la Karatina, lilikuwa na ngazi nzuri, lakini mlango wake ulihitaji nguvu kufunguka, na Shiro hakuweza kuuvuta na kupanda mpaka mtu amshike mkono. Kingori akauliza mtu huyo atakuwa nani. Muuzaji akacheka, akasema, "Si ni wewe, mzee." Kingori akatikisa kichwa.

Ndipo nikasema lile la jembe na mkulima. Halafu, alipokuna shingo tu, nikaongeza, nikimwita kwa jina la kifungua mimba wetu, "Baba Ngatia, unanunua gari ama unatafuta bibi wa pili?"

"Ninatafuta gari, Mama Ngatia," akasema pole pole. "Tuendelee tu."

Tuliendelea mpaka kwa Mahesh, mkono wa chini wa mji wa Nyeri, umbali mfupi kutoka nyumbani kwetu. Kila mtu mjini anamjua Mahesh. Baba yake aliuza misumari na rangi, yeye akauza duka na kufungua yadi ya magari, na Kikuyu chake kinawashinda watoto wangu. Mkaza mwanawe, Trupti, ndiye hushika ofisi. Mzee alitukaribisha chai ya maziwa yenye tangawizi, akatuacha tuzunguke. Kingori akaanza mambo yake: Shiro panda, Shiro shuka, mguu usikunje. Mahesh akatazama kwa muda, kikombe mkononi.

"Huyu mtoto anaigiza nani?" akauliza.

Kingori akakuna shingo. Nikajibu mimi. "Mama yangu. Aliumia nyonga."

"Mama yako," Mahesh akasema, kisha akamgeukia Kingori, akaitazama ile mikono iliyofungwa mgongoni. "Kwa hivyo ni mama mkwe. Na wewe ndiyo dereva, na hakuna mwanaume mwingine."

Kingori akaitikia kwa kichwa tu. Alikuwa amezunguka yadi zote hizo na hakuna mahali alipoweza kulisema hilo kwa mdomo wake, kwa sababu hata kumtaja mama mkwe na nyonga yake mbele ya wageni ni kumvunjia heshima. Na mimi, mkewe, niliyelala naye kitanda kimoja, sikuwa nimeona. Nilidhani anachagua gari. Kumbe alikuwa akichagua namna ya kutomgusa mama yangu, na namna ya mama yangu kutoguswa na mtu yeyote.

Mahesh akaweka kikombe chini. "Mama yangu hakuonyesha mkwe wake, babu yangu, uso mpaka mzee akakufa. Alikuwa anavuta sari mpaka hapa kwa kidevu. Ile duka yetu ya zamani ilikuwa na milango mbili huko nyuma, moja ya mzee, moja ya mama. Ati watu walikuwa wanasema tunaficha mali."

"Na mimi je?" Trupti akauliza kutoka dirisha la ofisi.

"Wewe hata soksi unanichagulia," mzee akasema, na akatupeleka nyuma kabisa ya yadi.

Gari alilotuonyesha lilikuwa refu, rangi ya uji wa wimbi uliopoa, na majani yalikuwa yameota kati ya magurudumu. Lilitoka Japani, kwenye makao ya wazee. Wateja wakiona kiti chake husema ni gari la wagonjwa na kwenda zao. Trupti akaja na rimoti ndogo, mlango wa kando ukajivuta wenyewe. Kiti cha safu ya kati kikazunguka kikatazama nje, kikatoka, kikateremka kimya kimya hadi kikawa sawa na kigoda cha jikoni. Shiro akakalia, mguu ameunyoosha. Kiti kikapanda naye, kikarudi ndani, kikageuka mbele, na mlango ukafungwa. Hakuna mkono uliokuwa umemgusa.

Nilisimama nikitazama. Lilikuwa gari baya kuliko yote tuliyoyaona, na nililitamani. Nikamtazama Kingori. Uso wake ulikuwa na furaha nyingi kiasi kwamba niliona haya kwa yote niliyoyasema Karatina.

"Ni hii," akasema.

Jumapili asubuhi alilileta hadi mlangoni kwa mama, akazima injini, akanipa rimoti. "Mpatie yeye. Usifinye wewe," akaniambia, kisha akatoka nje ya lango akasimama barabarani, ametugeuzia mgongo.

Mimi na haraka zangu. Mama alipotokea na kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, nikataka kumwonyesha ajabu, nikafinya. Kiti kikaja. Mama akarudi nyuma, akakitazama toka juu hadi chini.

"Huyu ni Moffat tu," akasema. "Huyu ni Moffat wa chuma. Rudisha hiyo kitu."

Na akageuka kuingia ndani. Nilijua akifunga ule mlango, Wamagana imekwisha, hataiona tena. Watoto walikuwa wameshavaa, Shiro ameanza kulia. Ndipo maneno ya Kingori yakaniingia. Nikamfuata mama, nikamtia rimoti kiganjani, nikamfunga vidole juu yake.

"Sitagusa," nikasema. "Hakuna mtu atagusa. Ni wewe."

Mama aliigeuza rimoti kiganjani. Akafinya. Kiti kikapanda kikaingia ndani. Akafinya tena, kikatoka. Akakipeleka na kukirudisha hadi nikahofia betri, na kila kilipotii, mgongo wake ulinyooka kidogo.

"Kumbe hii inasikia mimi," akasema. Akaupa mkongojo nafasi kando, akakaa, akajipandisha.

Tukashika barabara ya Wamagana. Mama alitazama nje wakati wote: chai, migomba, watu wanaotoka ibada ya kwanza. Kingori aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, na kioo cha ndani alikuwa amekigeuza kidogo ili asimwone mama mkwe wake akiwa ameketi nyuma. Mimi nilikaa mbele kwenye kiti changu na sikujua nianze wapi kumwomba radhi. Heshima si utumwa, wanasema, na mimi nilikuwa nimeishi na heshima nyumba moja miaka yote hiyo nikiiita ukaidi.

Tulifika kanisani Wamagana watu wakiwa bado uwanjani. Shangazi zangu hawakujitokeza kuangalia gari. Walikuja mbio kwa sababu waliona kitambaa cha mama dirishani. Vijana wawili wakakunja mikono ya shati, tayari kumwinua. Mama akawaonyesha kwa kidole warudi nyuma. Mlango ukajivuta, kiti kikazunguka, na mama yangu akateremka mbele ya kanisa lake taratibu, magoti yamefunikwa, kitambaa kimekaa sawa. Akashika mkongojo wake. Akasimama.

Ngendo, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, akamshika mabega yote mawili. "Shiro wee. Nani amekuleta?"

Nikatazama nyuma. Kingori alikuwa ameondoka upesi, yuko upande wa pili wa gari, anapangusa matope ambayo hayakuwapo. Nikataka kulitaja jina lake kwa sauti, wote wasikie ni nani aliyetembea yadi hadi yadi kwa ajili ya siku hii. Lakini mama alikuwa ameshajibu.

"Hakuna mtu amenileta," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mlango wa kanisa. "Nimekuja."

Akaanza kutembea. Nami nikamwona mume wangu, kitambaa mkononi, amesikia kila neno, ameinamisha kichwa juu ya gurudumu na anacheka peke yake kwa furaha. Nilimpenda wakati huo kuliko siku aliyonioa.