Goti la Mnara

Dari ya mahabusu ilikuwa chini, kwa hiyo Mnara alisimama ameinama, mguu wa kulia ameunyoosha mbele. Goti lilikuwa limevimba. Wenzake wawili walioiba naye katika duka la simu waliruka ukuta wakatokomea. Yeye, aliyechukuliwa kwa sababu mikono yake inafika dirisha la juu, alikamatwa akichechemea uchochoroni. Mwizi asiyeweza kukimbia. Askari walicheka mpaka wakashika mbavu.

Alikuwa akimsubiri Kocha. Polisi walitaka mdhamini mwenye kazi inayoeleweka, la sivyo angekaa rumande mpaka kesi iishe, na kesi za watu kama yeye haziishi. Katika ukoo wao hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Kocha sasa alikuwa mkuu wa michezo katika chuo alichokichezea Mnara. Ndiye aliyemchoma sindano ya ganzi katika goti hilohilo, wakati wa mapumziko ya fainali ya mpira wa kikapu, akamwambia, "Cheza, mwanangu, mengine niachie mimi." Akacheza. Chuo kikachukua kombe. Daktari aliposema goti limekwisha, chuo kikakumbuka ghafla kwamba Mnara hajawahi kufanya mtihani, kikamfukuza. Ni kweli hakufanya. Wachezaji walifanyiwa mitihani na wenzao, na walimu wote walilijua hilo. Walimtafuna kama muwa, wakatema makapi. Alibeba magunia sokoni mpaka goti likakataa, na hapo ndipo wezi walipouona urefu wake.

Kocha alifika na dada yake Mnara, pamoja na binti wa dada. Alitaniana kwanza na askari wa zamu, kisha akasogea kwenye nondo.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Nasikia unataka kumwambia hakimu habari za sindano."

"Nataka ajue nilivyofika hapa."

"Kweli asante ya punda ni mateke. Nimekulisha, nimekuvisha viatu." Akashusha sauti. "Dhamana nitakuwekea. Ila chuo usikitaje. Ukikitaja, hakuna mwalimu atakayesema amewahi kukufundisha."

Na hakuna aliyewahi kumfundisha. Mnara alitamani kucheka. Kwa miaka mitatu alikuwa amemwita mtu huyu baba. Akasema haitaki dhamana hiyo, bora aozee humo.

Dada yake akamwambia yeye na Kocha wamekwisha kubaliana. Binti atapewa nafasi chuoni, bweni na chakula, mradi aichezee timu.

"Dada, usimpe huyu mtoto."

"Wewe ulikula kwao miaka mitatu, hukuniomba hata kipande cha sabuni."

"Goti langu hulioni?"

"Naliona. Nani analikanda kila siku kama si mimi?" Hakumtazama. "Na nyumbani nako kuna nini? Niambie, nimpeleke huko."

Mnara akamgeukia binti.

Binti alikuwa amesimama kando ya kaunta, mabega ameyakunja, kama wafanyavyo wasichana wanaotaniwa mtaani kwa urefu wao. Kocha akamwomba anyooshe mkono. Akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha binti, akatikisa kichwa kwa furaha, akamwambia mkono kama huo ni baraka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Mabega yake yakafunguka.

"Mjomba, ona," akasema. "Vidole vyangu vimempita Kocha."