Ushuhuda wa Nakonde

Kila Jumapili ya shukrani Ketrina alikuwa akisimama mbele ya kanisa lao, pale Tunduma, na kutoa ushuhuda ule ule. Uchungu ulimshika alfajiri ya mvua, mtoto kakaa vibaya tumboni, zahanati imefungwa. Dereva wa lori akamvusha mpaka wa Zambia hadi hospitali ya Nakonde, na mkunga wa Kizambia, Mungu ambariki popote alipo, akamtoa Lusubilo mzima.

"Bwana wetu hana mpaka!" humalizia, na kanisa zima huitika amina. Hata watoto waliujua kwa kichwa.

Lusubilo akakua, akaomba kazi jeshini. Mbio akashinda, afya wakampima, ukabaki upekuzi wa asili yake tu. Mama yake, mjane, akafunga na kuomba.

Afisa wa jeshi akaja mtaani, akauliza majirani polepole. Jioni Yunisi, mwimbaji mwenzake Ketrina kwenye kwaya, akaingia hata hodi hakupiga, uso unamng'aa.

"Mama Lusubilo, leo nimekupamba! Nimemwambia yule bwana mwanao ni mtoto wa muujiza. Nimempa ushuhuda wote, na lori lake!"

"Na Nakonde?"

"Ningeachaje Nakonde, dada? Si ndiyo utamu wenyewe?"

Ketrina akajikalia juu ya gunia la mahindi.

Siku ya majibu Lusubilo aliitwa pembeni. Mlinzi wa nchi, wakamwambia, hazaliwi nchi ya watu. Akawaeleza kuwa babu yake kazikwa Ihanda, hapa hapa Tanzania, kando ya mibuni aliyoipanda mwenyewe. Kuwa marehemu baba yake, Danieli, alikuwa mgambo, akilinda mpaka huu huu kwa rungu. Wakamsikiliza vizuri tu. Kisha wakamwita anayefuata.

Nyumbani hakugusa ugali.

"Mama, si bora ungenizalia barabarani, upande huu?"

"Tungekufa wote wawili, baba."

"Ningekufa Mtanzania."

Jumapili ya shukrani ikafika, mchungaji akamwita Ketrina kama kawaida. Akasimama, mkono umeshika benchi.

"Mvua ilinyesha," akasema. "Mtoto akazaliwa salama."

"Nakonde!" Yunisi akamdokeza, akidhani kasahau.

Ketrina akaketi. Amina zikatoka moja moja, kama za watu wasio na hakika. Yule mkunga aliyemwombea baraka miaka yote, siku hiyo hakumtaja.