Mashine Iliyosikilizwa Jikoni

Siku Ngassa alipoondoka, karatasi zilikuwa zimeshakatwa. Zilikaa juu ya meza kibandani, rundo la mia mbili, zimekandamizwa na jiwe ili upepo usizipeperushe. Kando yake fremu ya chuma ilikuwa imejaa herufi, ukurasa mzima umepangwa, umebaki kupakwa wino tu. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Alimwambia mkewe, Milembe, kwamba atakunywa uji kwanza ndipo achape, kisha akakaa kwenye kiti chake cha kamba mlangoni pa kibanda ili avae viatu.

Milembe alipofika na kikombe, kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa, kingine bado. Alidhani amesinzia. Akamwita kwa sauti kubwa, kama alivyozoea kumwita, maana masikio ya Ngassa yaliharibiwa na kelele za kiwanda cha kuchambulia pamba, alikofanya kazi miaka ishirini. Akamwita tena. Uji ukapoa mkononi mwake.

Pale Bariadi wengi walimjua kwa gazeti lake, Jirani, karatasi moja iliyokunjwa katikati, iliyotoka kila baada ya wiki mbili. Ndani yake kulikuwa na ng'ombe waliopotea, mvua ilivyonyesha kata kwa kata, harusi, na mwishoni safu ya waliofariki. Lakini waliofika nyumbani kwake walikuja kuona mashine. Aliitengeneza mwenyewe. Chini kulikuwa na pedali na mnyororo wa baiskeli, juu rola ya zamani ya kiwandani, iliyovikwa ngozi, na pembeni sahani ya wino aliouchemsha kwa mafuta ya mbegu za pamba na masizi ya taa. Herufi za madini ya risasi alipewa na misheni moja iliyokuwa haizitumii tena. Mashine haikujua umeme. Umeme ukikatika mji mzima, Jirani lilitoka vilevile.

Msibani, Onesmo, fundi baiskeli aliyekuwa mtani wake na rafiki yake, alisimama mbele ya jeneza akiwa na spana mkononi.

"Mnamlilia nini huyu? Siku ya kazi kalala! Ngassa, inuka uchape, watu wanasubiri gazeti. Au wino umekwisha ukaona aibu kusema?"

Watu walicheka huku wakijifuta macho. Milembe naye alicheka, kisha akajifunika kanga uso mzima na hakuifunua mpaka jeneza lilipotolewa.

Jumanne iliyofuata, asubuhi baada ya mvua, pikipiki iliingia uani. Alishuka mwanamume wa makamo, suruali imejaa tope hadi magotini.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Milembe kwa Kisukuma, kama mama yake. "Mzee yupo?"

Milembe alikitazama kile kiti cha kamba. "Hayupo, baba. Tumemzika Ijumaa."

Yule mtu alivua kofia. Alisema anaitwa Selestini, ametoka Mwamapalala, na kule habari haikuwafikia. Akachuchumaa, halafu akainuka kama anayetaka kuondoka.

"Ulikuja kwa shida gani?" Milembe akamuuliza.

"Basi tu, mayu. Imeshapita."

"Sema, baba."

"Tangazo la mama yetu. Nilimletea mzee wiki mbili zilizopita. Arobaini yake ni Jumamosi hii." Alikuwa akiizungusha kofia mikononi. "Mdogo wangu kashaliweka kwenye grupu, kwenye simu. Ila baba simu haoni. Kila siku anauliza, la Ngassa limetoka? Anataka alibandike ukutani, upande wa kitanda aliokuwa analala mama."

Milembe hakufikiri. Alisikia tu mdomo wake ukisema, "Njoo Ijumaa."

Pikipiki ilipoishia barabarani, Justina, binti yake anayefundisha sekondari Nyalikungu, alitoka ndani. Alikuwa bado na ruhusa ya msiba mpaka Jumapili.

"Mama, nani atachapa?"

"Limeshapangwa. Limebaki kuchapwa tu."

"Limebaki kuchapwa tu!" Justina alishika kichwa. "Hivyo ni kama kusema ng'ombe aliyepotea kabaki kukamatwa tu."

Onesmo aliitwa, akaja na mfuko wake wa spana. Aliizunguka mashine mara mbili, akagusa mnyororo, akagusa springi zilizoibana rola kushoto na kulia, kila moja na nati yake. "Baiskeli hii naijua," alisema. "Nilimuuzia mwenyewe. Alinidanganya kwamba anampelekea mjomba wake."

Kabla hawajaanza, Justina alifungua fremu. Mwaka aliokuwa darasa la nne baba yake alimfundisha kupanga herufi kinyume, na vidole vyake vilikuwa havijasahau. Aliondoa salamu za mwaka wa kilimo, akapanga tangazo la kifo cha baba yake, na alitaka kuliweka juu kabisa, ukurasa wa mbele.

"Hapana," alisema Milembe. "Mweke kwenye safu, na wenzake."

"Mama, gazeti ni lake."

"Mweke chini ya huyo mama wa Mwamapalala. Alitangulia yeye."

Walichapa Jumatano mchana. Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi, herufi zimezama hadi karatasi imechanika. Onesmo akalegeza nati. Ya pili ilitoka na maneno upande mmoja, upande wa pili mweupe kama macho ya kipofu. Akakaza huku, akalegeza kule. Alhamisi walirudia. Kufika adhuhuri walikuwa wameharibu karatasi thelathini na saba, na Onesmo alikuwa amekaa chini, amejipaka wino mpaka sikioni.

"Shemeji, alama yoyote hakuweka? Rangi kidogo, mkwaruzo kwenye nati, kitu?"

"Angeweka wapi?" Justina alijibu kwa niaba ya mama yake. "Alisema ngozi haitulii. Ikinyesha inavimba, jua likiwaka inanywea. Kila siku ya kuchapa anaanza upya."

"Basi siri kaenda nayo. Nilisema huyu mjanja."

Milembe alitoka. Kilichokuwa kikimuuma si siri. Ni ule ukuta wa Mwamapalala, na mzee asiyemjua, akingoja kitu ambacho Milembe ndiye aliyekiahidi.

Alikuwa jikoni anawasha moto Justina alipokuja na daftari la shule, jalada limekatika, lililokuwa limening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa kibanda.

"Mama, sikiliza. Ya mwezi uliopita." Akasoma polepole. "Mvua jana. M. kasema inasaga. Nimelegeza kulia, robo. M. kasema inakohoa. Nimekaza kushoto kidogo. M. kasema inapepeta. Nimechapa." Akafungua nyuma zaidi. "Hii ya miaka minane iliyopita. M. kasema inasaga. M. kasema bado. M. kanuna, hajibu, nimemfuata. M. kasema inapepeta. Nimechapa." Akainua macho. "Ni hivi daftari zima, mama. Miaka kumi na sita."

Milembe aliuacha moto.

Kila siku ya kuchapa, Ngassa alikuwa akipaza sauti kutoka kibandani, "Mama Justina, inasemaje?" Naye alijibu bila kugeuka kwenye chungu. Ikinguruma kama jiwe la kusagia, alisema inasaga. Ikipigapiga ovyo, alisema inakohoa. Ikitoa mlio mwepesi wa mchele kwenye ungo, alisema inapepeta. Alijua mumewe hasikii vizuri. Lakini siku zote aliamini mikono yake inajua kazi, na kwamba swali lile ni upweke tu, mtu kutaka kusikia kuna mwenzake upande wa pili wa ua. Siku alizonuna na kukaa kimya, Ngassa alikuja kusimama mlangoni pa jikoni, spana mkononi, mpaka ajibiwe. Milembe alidhani anaomba radhi.

Sasa alikaa pale na mwiko, akilipima jambo lile. Huenda alikuwa anaomba radhi pia.

Alimfuata Justina hadi kibandani, akasimama karibu na mashine, Onesmo akakanyaga pedali. Mlio ulijaa chumba kizima, bati, meza, kuta. Milembe alitikisa kichwa.

"Hapa sisikii kitu. Subirini."

Akarudi jikoni, akakaa kwenye kigoda chake, mgongo kwa mlango.

"Haya!"

Mashine ikaanza kule ng'ambo. Kisha sauti ya Onesmo, ya woga, kana kwamba anaazima kitu cha mtu: "Shemeji! Inasemaje?"

"Inasaga! Legeza kulia!"

"Sasa?"

"Bado inasaga, we Onesmo, unalegeza nati au unaipapasa?"

"Sasa?"

"Imeanza kukohoa. Kaza kushoto. Kidogo!"

Pedali ikazunguka tena. Milembe alifumba macho. Mlio ulikuja ukipita juu ya ua, mwepesi, sawasawa, mchele ukirushwa na kudakwa, ukirushwa na kudakwa. Onesmo akaita, naye akageuka kutazama mlango. Onesmo akaita mara ya pili. Hakuja mtu mlangoni.

"Inapepeta," alisema, kwa sauti ambayo Ngassa asingeisikia. Halafu akarudia kwa nguvu: "Inapepeta! Chapeni!"

Justina alimletea karatasi ya kwanza ikiwa mbichi, ameishika kwa ncha za vidole. Kwenye safu ya mwisho kulikuwa na Felisita Bujiku wa Mwamapalala, mke, mama, bibi, misa ya arobaini Jumamosi. Chini yake Ngassa. Kila herufi ilisomeka.

Selestini alifika Ijumaa kabla ya saa nne, akachukua nakala tano, akazitia kifuani ndani ya shati.

Siku hizi Jirani linatoka mara moja kwa mwezi, Justina anapokuja kutoka Nyalikungu. Onesmo ndiye anayekanyaga pedali. Milembe anakaa jikoni, mlango wazi, na karatasi haiguswi mpaka aseme.