Tangi Lililokaa Robo Saa

Tangu ubao wa mradi usimamishwe kando ya bomba, hakuna anayenipisha foleni. Picha yangu iko pale, nimeegemea tangi jeusi, natabasamu kama bibi harusi. Chini pameandikwa kwamba serikali inapambana na ukame, na mimi nimepewa tangi la kuvuna maji ya mvua.

"Dobi, umelificha wapi? Chini ya kitanda?" wanawake huniuliza.

"Mwacheni. Mwenye bahari kaja kuomba chumvi."

Wanacheka. Mimi huteka mwisho, bomba likiwa limeshaanza kukohoa hewa. Wateja wangu wameanza kupeleka nguo kwingine.

Ningeweza kuwaambia. Lakini mwenyekiti wa mtaa ni mjomba wangu. Ndiye aliyenilea, nalala kwake, na sina ndugu mwingine. Siku ile aliniita nikiwa na povu mikononi. "Mwanangu, simama hapo, cheka kidogo." Nikapigwa picha, nikatia sahihi kwamba nimepokea. Kisha watu wa mradi wakalipakia tangi kwenye lori, likaenda mtaa wa pili kupigwa picha pamoja na mtu mwingine.

"Lako linakuja," mjomba akasema. Hiyo ilikuwa kabla ya kiangazi.

Jumanne alikuja mkaguzi wa mradi, mama wa makamo mwenye miwani na faili. Akatukusanya bombani, akauliza aliyepewa tangi ni nani. Vidole vyote vikanielekea.

"Twende ukanionyeshe, binti."

"Liko stoo kwangu," mjomba, aliyekuwa amefuatana naye, akawahi. "Tunamngoja fundi. Si ndivyo, mwanangu?"

Alinitazama kwa upole, kama alivyokuwa akinitazama nikiugua utotoni. Ningeitikia tu, basi, yangeisha.

"Halipo," nikasema.

"Sauti, binti."

"Halipo! Lilikaa robo saa, likaondoka na lori."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akasema, "Maskini, na sisi tulivyomsema," lakini hakunisogelea. Mkaguzi aliandika, akanisomea polepole, nikatia sahihi. Safari hii nilijua ninachokitilia sahihi.

Mjomba hakugombana na mtu. Aligeuka akaenda nyumbani, bila kuniita.

"Nikikuhitaji tena nikupate wapi?" mkaguzi akauliza. "Unaishi nyumba ipi?"

Mjomba alikuwa amefika mlangoni kwake, hatua chache tu kutoka bombani. Aliingia, nikasikia komeo likisukumwa ndani, saa tano ya asubuhi.

"Bado sijajua, mama," nikamjibu.