Shaba Iliyopanda Mto

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye kicheko. Mzee Tochi, fundi mwenzangu, aliinua kichwa kutoka dirisha la tatu la mtambo, akasema, "Shaba inapanda mto." Nikacheka hadi nikashika meza. "Kaka," nikamwambia, "punguza chai."

Mtambo wetu ni bomba la chuma, refu kama korido. Mwanzoni mwake gesi inachomwa kwa umeme mpaka inakuwa plazma, moto usio na moshi. Moto huo unatiririka hadi mwisho wa bomba na kukipiga kibati cha tungsteni, metali sugu kwa joto. Tunataka kujua kama kibati kitavumilia kuwa ukuta wa tanuri la kuunganisha atomi. Nyuma yake kuna kitalu cha shaba chenye maji, cha kukipoza.

Mwaka ule shaba ilikutwa usoni mwa kibati. Mkuu wa maabara akauliza: itoke nyuma, ishindane na mkondo, ije mbele? Tangu lini? Ikaandikwa kwamba Mzee Tochi alikishika kwa mikono michafu, yenye vumbi la shaba. Nikatia sahihi kama shahidi. Barua ya kumfukuza ilimkuta mgonjwa, na mwezi haukwisha tukamzika.

Miaka mitatu sasa, kiti chake hakikaliwi na mtu. Kwenye kioo cha dirisha la tatu kuna doa la paji la uso. Nikilifuta, kesho naliona tena. Labda ni langu mwenyewe, maana siku hizi nami nachungulia palepale.

Juzi binti yake, ambaye sasa ndiye muosha na mfunga vibati wetu, alimwita mkuu aje aone. Asubuhi alikuwa ameondoa kitalu cha shaba akaweka cha chuma; tulichungulia, moto ukabaki na rangi yake ya waridi. Mchana akarudisha cha shaba. Kibati kilekile, glavu mpya.

"Ongeza moto, ba'mdogo."

Nikaongeza. Ukingoni mwa shaba ukachomoza mwanga wa kijani, rangi ya shaba ikiungua. Ukatulia kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Halafu ukaanza kupanda: dirisha la tatu, la pili, la kwanza, ukifuata kule moto ulikokuwa mkali zaidi, na mkondo wote ukiusukuma urudi. Nilitaka kutania, mdomo ukakataa. Mara ya kwanza tangu niachishwe ziwa.

Mkuu akavua miwani. "Haya. Mzee alisema kweli."

"Basi iandikwe," binti akasema. "Barua yenye muhuri, kwamba hakuchafua kitu."

"Tutaandika ripoti ya mtambo, mwanangu. Barua ya nini tena? Marehemu hasomi."

Nami, sikio la kufa, nikadakia: "Kweli, mama. Tusifukue yaliyopita. Mwache baba yako apumzike."

Hakumtazama mkuu. Alinigeukia mimi.

"Ile ya kumfukuza alikuwa hawezi hata kufumbua macho, ukamsomea wewe, ba'mdogo, umekaa kitandani kwake. Hii utamsomea kaburini. Na usiruke hata mstari."