Mahali Alipokaa Gunia

Mtaalamu wa mimea ya kangaga alikuwa amejiapiza kutomtazama Gunia usoni mpaka kazi iishe, na sasa alijikuta akiyakodolea macho makalio yake. Kwenye kitako cha suruali iliyolowa paliganda jani dogo la kijani, jembamba hata nyuzi za kitambaa zilionekana kupitia kwake.

"Usikae!" alifoka.

Gunia, aliyekuwa akijishusha juu ya jiwe, akabaki kainama nusu njia. Huyu alikuwa mume wa mdogo wa mtaalamu. Jina hilo alimpachika yeye mwenyewe siku ya posa, alipomwona ni mtu wa kuwekwa na kubaki alipowekwa; na hakuwahi kumwita shemeji, kwani ushemeji kwake ulikuwa cheo, na vyeo haviokotwi. Mdogo wake ndiye aliyembembeleza: "Dada, mchukue akubebee magazeti ya kukaushia majani. Hapa ananimalizia kochi." Basi tangu asubuhi walikuwa wakipanda na kushuka vilima, mtaalamu akiruka jiwe hadi jiwe, shingo juu, akitafuta kila aina ya kangaga kwenye miamba na matawi, Gunia akipiga mluzi na kukaa. Alikaa kwenye magogo, akakaa kwenye mizizi, akakaa hata kijitoni. Kuku anayeatamia naye huinuka mara moja moja.

Mtaalamu alilibandua jani, akaliweka juu ya ukucha. Ukucha ulionekana wote. Ndilo! Marehemu mwalimu wake aliwahi kuiona kangaga hii katika bonde hili, mara moja tu, na wasomi wote waliamini imekwisha toweka. Kesho wenye machimbo ya kokoto wangeanza kulipua miamba, na cha kuwazuia kilikuwa kimea hiki tu, kikionyeshwa mahali kilipoota. Jani lisilo na mahali pake ni takataka: kwa maneno hayo yeye mwenyewe aliwatupia wanafunzi wake majani yao pipani, wengine wakatoka wakilia. Hakuwahi kuwahurumia.

"Umelitoa wapi?"

"Mimi? Nyani haoni kundule, shemeji."

"Sitanii. Ulikaa wapi?"

"Kila mahali. Si ulisema mwenyewe kukaa ndiyo kazi niliyosomea?"

Mtaalamu alitaka kutukana, akajizuia. Aliona aibu, kisha akachukia kuiona.

"Unaweza kukumbuka?" aliuliza, na sauti ikamtoka ndogo kama ya mwombaji.

Gunia hakucheka; angecheka, ingekuwa nafuu.

"Kichwani hamna kitu, unajua. Lakini huku nyuma hakusahau kiti kibovu."

Wakarudi walikotoka. Gunia alikaa kwenye gogo lake la mwisho, naye mtaalamu akapiga magoti nyuma yake na kioo cha kukuzia mkononi. Kuvumwani tu, kimea laini kinachofunika magogo. Wakashuka kwenye mzizi. Kuvumwani tena, na siafu. Miaka mingi hakuwa amepiga magoti msituni. Sifa zake zote zilitokana na kutazama juu. Magoti yalimuuma, matope yalimwingia mapajani. Bado alimdharau mtu huyu, kwa mluzi wake na kwa uvivu wake, ila sasa dharau ile haikuwa na pa kusimama, maana yeye ndiye aliyekuwa chini.

Chini ya mwamba uliotiririka maji, Gunia alikaa polepole.

"Hapa palinilowesha. Nikasema moyoni, pana baridi hivi, hata shemeji angepumzika."

Mtaalamu alisogeza uso karibu na nyonga ya Gunia. Mwamba ulikuwa na mkwaruzo mbichi wa suruali, na kando ya mkwaruzo vilining'inia vijani vyembamba, vikitetemeka kila tone lilipodondoka. Vingine, pengine vingi zaidi, vilikuwa chini yake, vimenasa kwenye kitambaa.

Gunia akaanza mluzi, akakaza mapaja ili ainuke.

"Usiinuke," mtaalamu alinong'ona. "Tafadhali, shemeji. Usiinuke."

Mluzi ukakatika. Maji yalimdondokea Gunia utosini, yakamteremka mgongoni, naye akabaki pale pale alipowekwa.